Kanisa Nililolisomea Limeanguka, Nami Nimefurahi

Kwako Bi Salme,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwetu Ronge, nimekaa jikoni kwa mama yangu, na mtu akipita akaniuliza naandika nini nitamwambia naandikia chuo, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema mbele ya mtu yeyote wa hapa, na wewe wa gazetini angalau hunijui sura. Nisaidie mawazo, maana mimi yangu yamenichanganya.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, nilimaliza digrii ya usanifu wa majengo Nairobi kisha nikapata skolashipu ya kwenda Uingereza kusomea digrii ya pili, na somo lenyewe ni kuhifadhi majengo ya kale, yaani kujua jengo la zamani lilijengwa vipi, linaugua wapi, na utalitibu namna gani bila kuliua. Mama yangu huwaambia majirani kwamba nasomea kujenga, kwa sababu siku moja alisema ukweli kwamba nasomea nyumba kuukuu wakamcheka wakamwambia nyumba kuukuu tunazo za kutosha hapa, angebaki tu.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi huchagua jengo moja alichunguze na kuliandikia tasnifu, na mwalimu wangu alitegemea kwamba mimi kwa vile natoka Kenya nitachagua Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, lakini nikamwambia nataka kanisa la mawe la kwetu, lililojengwa wakati wa babu yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyeuchonga mlango wa kanisa kwa mkono wake, na mawe yake yakabebwa na wanawake kutoka mtoni kupanda mlima, hata mama yangu akiwa msichana mdogo alibeba, ukuta ukajengwa kwa mawe na udongo na juu yake chokaa. Humo ndimo nilimobatizwa, ndimo mama alimoolewa. Mjomba wangu Solomon, kaka yake mama, ni mzee wa kanisa na ndiye anayekaa na funguo, na kila siku mchana huingia akaketi kidogo kwenye benchi la nyuma, anasema anapumzisha miguu, lakini sisi tunajua anaongea na baba yake.

Nilikuja nyumbani mwanzo wa mwaka huu wa themanini na sita kufanya utafiti wangu, nikakuta watu wamegawanyika, vijana wanataka kanisa libomolewe lijengwe lingine kubwa la matofali ya simiti, wazee hawataki hata kusikia, na kamati ikaniita niseme neno la msomi. Nikawaambia linaweza kupona, lakini kwanza ibanduliwe ile plasta ya simiti ambayo miaka ya nyuma ilipakwa juu ya chokaa ili kanisa lipendeze, kwa sababu ukuta wa udongo unataka kupumua, na ile plasta ni kama kumvisha mtu koti la mvua juani, maji yanayoingia kutoka kwa paa hayana pa kutokea, na udongo ulio katikati ya mawe unalainika kama uji, na nikasema kazi hiyo ifanywe kabla ya masika. Wazee wakapiga makofi, vijana wakanyamaza, kila mtu akakubali, halafu hakuna aliyefanya kitu, kwa sababu wakati wa kulima ulifika na watu wote wakaenda shambani, na mimi mmoja siwezi kubandua kanisa zima.

Masika yakaja, na mwaka huu yalikuja kweli kweli. Na katika mvua hizo ndipo harusi ya mdogo wangu Milka ilipokuwa imepangwa, anaolewa na kijana Mkamba wa Maungu anayeitwa Ndambuki, anafanya kazi kwenye ranchi huko Ndara, kijana mpole ambaye mama alimpenda kabla hata ya Milka mwenyewe. Mama alikuwa ameamua siku nyingi kwamba binti yake ataolewa pale pale alipoolewa yeye.

Sasa Bi Salme, ukuta wa upande wa mlimani ulikuwa na ufa, na sisi tunafundishwa kwamba ukitaka kujua kama ufa ni wa zamani umetulia au bado unaendelea, unachukua kipande chembamba cha kioo, unakigandisha pande zote mbili za ufa, na ukuta ukisogea hata kidogo kioo kitavunjika. Nilikuwa nimeweka vioo vyangu tangu nilipokuja na vilikuwa vizima. Wiki ya harusi nikaenda nikakuta vyote vimevunjika. Nikajiambia labda ni watoto, nikaweka vingine juu kabisa mahali ambapo mtoto hafiki, na asubuhi yake navyo vilikuwa vimevunjika, na plasta ya chini ilikuwa imevimba kama shavu la mtu anayeumwa na jino.

Nikamfuata mjomba pale mlangoni.

"Mjomba, ukuta unatembea."

"Unatembea unaenda wapi?"

"Unaenda nje. Jumamosi watu wasiingie."

"Mwezi wa kwanza ulisimama mbele yetu ukasema litapona."

"Nilisema litapona likitibiwa. Halijatibiwa."

"Mkamburi, hata hawa vijana wanaotaka kulibomoa hawajaniambia maneno kama hayo. Baba yangu hakujenga kitu cha kuua watu." Akafunga mlango, akatia funguo mfukoni, akaenda zake bila kuniaga.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama alikuwa anachambua mchele na wanawake wenzake, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hukuwako posa ilipoletwa. Hukuwako tulipoenda Maungu kujuana na wenzetu. Umekuja mwisho, na ulichokuja nacho ni kumtoa mdogo wako kanisani. Wale watu watasema nini? Kwamba binti yetu tumempeana nje kama mbuzi wa mnada?" Na wale wanawake wote wakainamia mchele kana kwamba una mawe mengi.

Milka alikuwa amekaa hapo anasukwa nywele. Mama alipotoka akaniuliza polepole, "Dada, ungekuwa wewe ndiye bibi harusi, ungeingia?"

Nikamwambia singeingia.

"Basi na mimi siingii," akasema, akainamisha kichwa msusi aendelee.

Tukaenda pamoja kwa kasisi wetu, Kasisi Bernard, ambaye si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza, "Una hakika litaanguka?" Nikamwambia sina hakika, na chuo kizima hakuna mtu angeweza kuniambia siku, lakini nina hakika kwamba mimi sitakaa chini yake na sitamwacha mtu wangu akae. Akafikiri, akavaa kofia yake, akaenda kwa mjomba, na sijui walisemezana nini huko, lakini Jumamosi harusi ikafanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya turubai la lori lililoleta watu wa Maungu.

Na siku hiyo, Bi Salme, jua likawaka, halikudondoka hata tone moja, na kanisa lilikuwa limesimama pale juu linaonekana na kila mtu, limenyooka, jeupe, linapendeza, na kila mgeni aliyefika alikuwa anauliza, mbona hatuko kule? Nikawasikia wanawake nyuma yangu wakisema huyo ndiye msomi, digrii mbili na bado anaogopa ukuta. Mama alinipa chakula bila kuniangalia. Jumapili ibada ikawa uwanjani tena kwa amri ya kasisi, watu wakanung'unika, na mjomba alikaa mbali akiwa ametupa mgongo. Siku hizo nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

Wiki iliyofuata, siku ya soko, mchana, nilikuwa na mama nyuma ya nyumba tunafua nguo za harusi. Tukasikia sauti kama lori linamwaga kokoto, lakini lori humwaga likamaliza, hii iliendelea na kuendelea. Kisha kimya, halafu mbwa wote wakaanza. Tulipotoka mbele tukaona vumbi limesimama juu ya mlima. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Solomon," kwa sababu ile ilikuwa saa ya mjomba ya kukaa kwenye benchi la nyuma.

Sijui tulifikaje juu. Ukuta wa mlimani haukuwako, ulikuwa umelala nje na paa lote limeingia ndani, mabenchi yamelazwa kama karatasi, mahali ambapo Jumamosi ile tungekuwa tumekaa watu wa pande mbili, na wazee na watoto. Mkewe mjomba akaja anakimbia akasema ametoka asubuhi na funguo, hakusema anaenda wapi. Basi tukachimba. Tulichimba kwa mikono na masufuria na chochote kilichokuwako, na wale vijana waliotaka kanisa libomolewe ndio waliokuwa mbele, wanainua mbao ambazo siku nyingine zingetaka watu wanane, na mama alikuwa amepiga magoti kwenye mawe anaita jina la kaka yake kati ya mawe, si kwa nguvu, anaita kama unavyomwamsha mtu aliyelala. Nakuambia ukweli, wakati ule sikukumbuka tasnifu wala babu wala chokaa. Niliona tu mikono yangu na jiwe lililo mbele yangu.

Halafu nyuma yetu sauti ikasema, "Mnachimba nini?"

Alikuwa ni mjomba, amesimama njiani na koti lake la kanisani limejaa vumbi la barabara, kamba mpya imezungushwa begani. Mama aliinuka, akamwendea, akampiga ngumi ya kifua, ngumi ya kweli, kisha akamshika asimwachie.

"Nilikuwa Voi," mjomba akasema, kama mtu anayejitetea. "Nilienda kutafuta miti na kamba ya kuegemeza ukuta. Miti inakuja na lori kesho." Akaninyooshea kidole. "Si huyu alisema unatembea?"

Kisha akaliona kanisa. Akaketi juu ya jiwe, akaliangalia.

Na hapo, Bi Salme, ndipo aibu yangu ilipo. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, mbele ya watu wote, na kanisa la babu yangu liko chini kwenye vumbi. Na tangu siku ile nimefurahi. Nalala vizuri, nakula, nikimwona mjomba anapita na punda wake natamani kuimba. Milka ametuma salamu kutoka Ndara kwamba naye pia anakula na kulala. Watu wanaponiona njiani wananipa pole, na mimi nainamisha uso ili wasione kwamba sina huzuni.

Sasa ukuta wa mbele na mlango wake bado umesimama, na upande wa madhabahu pia kipande. Kamati itakutana mwisho wa mwezi, na kasisi anataka nisimame tena niseme, vibomolewe vilivyobaki au viokolewe. Mwalimu wangu wa Uingereza nilimwandikia, akanijibu kwa pole nyingi kwamba naweza kuchagua jengo lingine. Mama anasema yametosha, nisirudi, nitafute ualimu hapa karibu nikae nyumbani kama watu. Na mimi nafikiri labda anasema kweli, kwa sababu mtu anayesomea kuhifadhi majengo, jengo lake la kwanza likaanguka, na yeye akacheka, huyo si ni kama daktari anayefurahi mgonjwa amekufa? Nani atamwachia huyo jengo lingine? Huko juu sijapanda tena tangu siku ile, napita njia ya chini. Niambie Bi Salme, niache masomo haya? Na kama nikisimama mbele ya kamati, nitasema nini mimi?

Ni mimi, Mkamburi (jina la baba nimelificha),
Ronge

*

BI SALME ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujasoma mstari wa pili, nina swali. Unasema ukuta wa mbele umesimama peke yake, na kipande cha upande wa madhabahu vilevile, na wewe tangu siku ile unapita njia ya chini. Je, nani aliyepazungushia kamba pale? Barua yako ni ndefu, nimeisoma mara mbili, na hakuna nilipoona kwamba watoto wamekatazwa kucheza kwenye mawe yale. Hebu liweke gazeti hili chini. Panda juu pamoja na mjomba wako na ile kamba yake, mpazungushe, mtie na miiba, asikaribie mtu wala mbuzi. Jibu langu halitakimbia.

Umerudi? Haya, sasa tuzungumze.

Wasema umefurahi kanisa limeanguka. Si kweli, na nashangaa msomi kama wewe umeshindwa kujisoma. Ulicheka lini? Hukucheka vumbi lilipopanda. Hukucheka ulipoona paa limelala juu ya mabenchi. Ulicheka ulipomwona mjomba wako yu hai, amesimama njiani, anauliza mnachimba nini. Hiyo furaha ni ya mtu, wala si ya mawe, na furaha ya namna hiyo haina aibu mbele ya Mungu wala mbele ya chuo chochote. Ile ya kanisa ni huzuni, nayo haijafika bado. Itakuja. Pengine itakukuta unaosha vyombo, au uko darasani huko kwenye baridi, au utakapoushika mlango wa babu yako. Ikija ipishe, lia, kisha uendelee na kazi. Furaha imetangulia tu, kwa sababu ilikuwa na haraka zaidi.

Nikwambie jambo ambalo si kawaida yangu kulitia gazetini. Mimi nimezaliwa Voi, nyuma ya soko, katika nyumba ya mawe na boriti aliyoijenga babu yetu alipotoka pwani kuja kufanya biashara. Boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa, na kila mtu mle ndani alikuwa akijua, kwa kuwa unga wake ulikuwa ukitudondokea kwenye vikombe vya chai. Tulikuwa tukiupuliza tu, tukinywa. Dari liliposhuka, shangazi yangu alikuwa amelala chini yake mchana, ametoka kuswali. Nasi tulichimba kwa mikono kama ninyi. Sisi hakuna aliyekuja nyuma yetu na kamba begani. Basi unaponiambia kwamba ulicheka ukakaa chini, mimi, mwanamke wa umri huu, nimelisoma neno hilo nikafunga mlango wa ofisi, nikamshukuru Mola kwa ajili yako.

Sasa nikugombeze kidogo, maana unastahili.

Kwanza huo mfano wako wa daktari. Mgonjwa wako hakuwa ukuta peke yake. Wagonjwa wako walikuwa Milka na mumewe, na mama yako, na wageni wa Maungu, na wale wanawake waliokuwa wakikusema nyuma ya mgongo wako. Wote wazima. Wanakula, wanalala, na baadhi yao pengine bado wanakusema. Daktari gani huyo aliyefiwa?

Pili, mjomba wako. Umeliandika jambo alilolifanya kwa mistari michache ukapita, ukarudi kujililia. Mzee yule alikukatalia mlangoni, akakupa mgongo siku ya ibada, kisha akavaa koti lake la kanisani akasafiri mpaka Voi kutafuta miti ya kuegemeza ukuta, kwa sababu alikuwa amekusikia. Wazee wa namna ile huomba radhi kwa miguu. Hawana mdomo wa kazi hiyo. Je, umemshukuru? Umeketi naye hata mara moja tangu siku ile? Yeye amepoteza mahali pake pa mchana, mahali alipokuwa akizungumza na baba yake, na wewe uliye na furaha tele unapita njia ya chini. Leo jioni mpelekee chai. Ukae naye. Usimweleze habari za chokaa na simiti, mwache aseme yeye.

Na mama yako usimwone adui. Alikasirika kwa sababu ya harusi, kisha akapiga magoti kwenye mawe. Mwanamke aliyemwita kaka yake chini ya kifusi hataki tena mtu wake yeyote awe mbali na macho, ndiyo maana anataja ualimu. Mwambie umemwelewa. Kisha mwambie utakwenda, na utarudi, na useme ni lini.

Maana utakwenda. Hilo usiniulize tena. Unataka kuacha masomo yaliyokufundisha kugandisha kioo kwenye ufa? Bila masomo hayo ungejuaje? Ungeingia na wenzako umevaa vizuri, ukaketi kwenye benchi la mbele kama dada wa bibi harusi. Na mwandikie mwalimu wako barua nyingine, umwambie ahsante kwa pole, lakini jengo hutabadilisha. Jengo ni lile lile. Liandike lilivyojengwa, lilivyopakwa plasta likapendeza, lilivyovimba, na lilivyoanguka. Huko kwenu milimani, na huku kwetu pia, kuna makanisa na misikiti na madarasa mangapi ya mawe na udongo yaliyovishwa koti hilo hilo la simiti kwa nia njema? Kuna mtu anayeketi ndani yake hivi sasa. Nani atamwambia ikiwa wewe utakaa nyumbani kwa aibu?

Na kabla hujaondoka, keti na mama yako na wanawake wenzake waliobeba mawe yale wakiwa wasichana. Waulize walibeba vipi, waliimba nini, nani alianguka, nani alipewa jiwe dogo kwa sababu alikuwa mtoto wa mzee fulani. Yatie yote katika tasnifu. Tena hapo utamwona mama yako akianza kuwaambia majirani kile unachokisomea hasa, na hatachekwa.

Kuhusu kamati, simama useme kifupi. Mlango utolewe kwanza, kwa uangalifu, uhifadhiwe pakavu. Kilicholegea kishushwe jiwe kwa jiwe kutoka juu, kisivutwe kwa kamba na vijana wenye haraka, na kabla ya kushushwa wewe upime na kuchora kila kitu, ndiyo kazi yako. Kilicho imara, kama kipo, useme ni imara. Usipojua, useme sijui, kama ulivyomwambia kasisi wenu. Jibu lile la "sina hakika, lakini sitakaa chini yake" ndilo lililowatoa watu nje, kwa hiyo usije ukatafuta lingine la kujionyesha msomi. Kisha uketi. Kama watajenga kwa mawe yale yale au kwa matofali, hilo ni lao. Kanisa ni lao, na digrii yako haina kura ndani yake. Ila wakikuuliza wapake nini juu ya mawe, hapo usiketi mpaka wakuelewe.

Muhula unapofunguliwa, mjomba wako akusindikize stesheni ya Voi. Panda treni, uende ukamalize. Na ukiwa mezani huko, unatafuta neno la kwanza la tasnifu yako, anza na kweli iliyo nyepesi kuliko zote: kwamba jengo hili lilianguka mchana, na ndani yake hapakuwa na mtu. Wengi watasoma miaka mingi kuliko wewe wasipate kuandika sentensi kama hiyo.

Bi Salme